Mjomba ‘hakumaliza’ maisha: Ugumu wa kutafsiri ‘round off’ kwa Kiswahili

Miaka michache iliyopita nilisimama mbele ya waombolezaji katika kaunti ya Trans Nzoia nikiwa na karatasi mbili mkononi. Tulikuwa tunamzika mjomba wangu, seremala aliyeishi miaka mingi na kutengenezea nusu ya kijiji chake meza na viti. Binamu yangu anayeishi ng’ambo alikuwa ameuandika wasifu wa marehemu kwa Kiingereza. Kwa kuwa majirani waliofika walitoka katika jamii mbalimbali, wazee waliamua usomwe kwa Kiswahili. Nani wa kuutafsiri ila “mwalimu wa Kiswahili”? Nilikabidhiwa karatasi saa tatu asubuhi. Ibada ilianza saa nne.

Nilikwenda vizuri hadi aya ya mwisho. Hapo binamu alikuwa ametumia kitenzi cha Kiingereza cha maneno mawili, ‘round off’, kueleza kwamba babake aliyafikisha maisha yake kwenye mwisho mwema, wajukuu wakiwa pande zote. Nami, kwa sauti ya mtu anayejiamini, nikasoma: “Alimaliza maisha yake akiwa amezungukwa na wajukuu wake.”

Nilisikia minong’ono upande wa akina mama, nikadhani ni uchungu wa msiba. Baada ya kaburi kufunikwa, mkaza mjomba aliniita nyuma ya jiko.

“Mwanangu, mbona umeambia watu mjomba wako alijimaliza?”

“Mama, sikusema alijimaliza. Nilisema alimaliza.”

“Sasa tofauti ni gani? Mtu akimaliza maisha yake, si ni yeye ameyamaliza? Na hao watoto walikuwa wamemzunguka wakimfanyia nini?”

Sikuwa na jibu. Katika jamii zetu nyingi tuhuma ya kujitoa uhai si jambo la mzaha. Hubadilisha namna mtu anavyozikwa, anavyotajwa na hata namna watoto wake wanavyotazamwa sokoni. Nilikuwa nimemtupia marehemu tuhuma hiyo kwa sababu ya kitenzi kimoja nilichokitafsiri haraka haraka. Tangu siku hiyo nimekuwa nikikichunguza kitenzi hicho cha Kiingereza na jinsi tunavyokibeba kukileta katika Kiswahili, darasani, katika hafla na kwenye kurasa za magazeti. Leo nataka tukitazame pamoja.

Neno ‘round’ lenyewe lina maana ya kitu cha mviringo. Waingereza walilipata kutoka Kifaransa cha kale, nacho kililirithi kutoka Kilatini, ‘rotundus’. Mviringo hauna pembe wala pengo. Kwa hiyo Mwingereza akikitumia kitenzi hiki kuhusu mlo wake na kikombe cha kahawa, hasemi tu kwamba kahawa ilikuja mwisho. Anasema kwamba bila kahawa hiyo mlo ungebaki na upungufu fulani, na sasa umetimia. Kitenzi hiki kimebeba mizigo miwili: kufikia mwisho, na kufikia mwisho kwa namna inayoridhisha. Ukitafsiri mzigo mmoja ukauacha mwingine njiani, umefanya nusu ya kazi. Mimi pale kaburini nilibeba ule wa kwanza tu, na hata huo niliubeba vibaya.

Kitenzi hiki kina ndugu zake. Kuna ‘wrap up’, chenye taswira ya kufunga mzigo kwa karatasi au kitambaa, na ‘wind up’, chenye taswira ya kuzungusha uzi hadi uishe. Hiki cha pili Wakenya tumekifanya chetu. Nani hajamsikia mwenyekiti wa mkutano akimwambia msemaji, “Mheshimiwa, tafadhali waindi apu, muda umetutupa mkono”? Hata hivyo, ndugu hawa hawalazimishi kuridhika. Msemaji anaweza ku-‘waindi’ hotuba mbovu na kila mtu akashukuru kwamba imeisha.

Mwanafunzi akituuliza Kiswahili cha kitenzi hicho, sisi walimu humpa orodha bila kufikiri sana: kumaliza, kumalizia, kukamilisha, kuhitimisha, kutamatisha. Kisha tunamwambia achague mwenyewe, kana kwamba maneno hayo ni maembe ya mti mmoja. Siyo.

Tuanze na ‘maliza’, maana ndicho kitenzi kinachotumiwa zaidi na ndicho chenye hatari nyingi. Kwa asili yake ‘maliza’ hakina wema wala ubaya. Unamaliza kazi, unamaliza shule, unamaliza sukari. Lakini kikipewa mtu au uhai kuwa shamba lake, hugeuka mara moja. Kummaliza mtu ni kumuua au kumharibia kabisa. Kujimaliza ni kujiua. Kumalizana na mtu kunaweza kuwa kupatana naye au kukomeshana naye, kutegemea uso wa anayesema. Mtoto wa Kenya anayeambiwa na mamake mbele ya wageni, “Ngoja waende, nitamalizana na wewe”, anajua vyema kwamba hapatakuwa na mapatano.

Sasa ona kinachotokea tunapokitia kitenzi hiki kihusishi ‘na’. Katika mazungumzo ya kila siku tunasema, “Umemaliza na hiyo chaja?” Tuna maana ya kuuliza kama mwenzetu amekwisha kuitumia. Hapa Kiingereza kinasikika chini ya Kiswahili, lakini tunaelewana na chaja inapatikana, kwa hiyo sina ugomvi. Kadhalika mwendeshaji wa hafla akisema, “Tumalizie na sala”, watu watafumba macho na kuinamisha vichwa. Kuna wenzangu wanaowakosoa watu katikati ya hafla kwa ajili ya ‘na’ ya aina hii. Mimi huona ni kuwaonea, kwa sababu lugha ya mdomoni ina ruhusa zake.

Tatizo huja katika maandishi, hasa sentensi inapoingia katika kauli ya kutendwa. Katika kauli hiyo ‘na’ humtaja mtenda. “Hafla ilimalizwa na mvua” ina maana kwamba mvua iliikatiza, watu wakatimua mbio wakiwa na viti vya plastiki vichwani. “Hafla ilimalizwa kwa wimbo” ina maana kwamba wimbo ndio uliotumiwa kuipa hafla mwisho wake. Sasa yule anayeandika “Hafla ilimalizwa na wimbo wa kwaya”, akidhani anasema jambo zuri, huifanya kwaya ionekane kama ile mvua. Nimeisoma sentensi ya aina hiyo katika ripoti za shule zaidi ya mara moja na kila mara huwa najiuliza kwaya hiyo iliimba nini hasa. Kihusishi kinachotakiwa ni ‘kwa’, kinachotaja njia au chombo: kumaliza kwa wimbo, kufunga kwa sala, kuhitimisha kwa ombi.

Kauli ya kutendea, ‘malizia’, inakaribia zaidi maana tunayoitafuta. Kiambishi kile kinachoongezwa hutupa wazo la kushughulikia kilichobaki. “Malizia uji wako” si sawa na “maliza uji wako”. Wa kwanza ana kijiko kimoja au viwili tu bakulini. Wa pili huenda hata hajaanza. Ndiyo maana ‘malizia’ hufaa kwa jambo ambalo sehemu yake kubwa imekwisha kufanyika na linangoja kiungo cha mwisho. Watangazaji wa kandanda wameliona hilo mapema kuliko sisi wa vyuoni. Wao husema mshambuliaji ana ‘umaliziaji’ mzuri, yaani wenzake walikwisha kuufanya mchezo wote, yeye akautia mguu wa mwisho. Mafundi wa ujenzi Tanzania nao huita ‘umaliziaji’ ile hatua ya lipu, rangi na vigae. Hapa Kenya fundi wako atakwambia tu, “Boss, tumebaki na finishing,” kisha mwezi mzima utapita.

Lakini ‘malizia’ nacho kikipewa mtu, jihadhari. Niliwahi kuhudhuria siku ya kutuza wanafunzi katika shule moja. Mwalimu aliyeongoza shughuli, akitaka mgeni wa heshima aagwe kwa shangwe, akatangaza: “Sasa tummalizie mgeni wetu kwa wimbo!” Kummalizia kiumbe ni kumpiga pigo la mwisho baada ya kumjeruhi, kama nyoka aliyepigwa rungu moja na bado anajipinda. Mgeni alicheka kuliko sote. Alikuwa amehutubu kwa saa nzima na nadhani alijua.

Nije kwenye maneno yaliyotufikia kutoka Kiarabu, ambayo waandishi huyapenda kwa sababu yanasikika mazito. ‘Hitimu’, ‘hitimisha’, ‘hatima’ na ‘khitima’ hutoka shina moja lenye maana ya kutia muhuri na ya kufikia mwisho. Katika vyuo vya pwani, mtoto aliyehitimu ni yule aliyeisoma Kurani yote hadi mwisho. Neno hilo ndilo lililohamia shuleni na vyuo vikuu. Khitima ni kisomo kinachofanywa kumwombea marehemu. Kwa hiyo kuhitimisha si kuacha tu. Ni kufika mwisho rasmi, mwisho unaotambuliwa na wengine, kama barua iliyotiwa lakiri. Hotuba huhitimishwa. Utafiti huhitimishwa. Chakula cha jioni nyumbani kwako, hapana, isipokuwa uwe unatania.

‘Tamati’ nayo ni neno la Kiarabu lenye maana ya “imetimia”. Waandishi wa miswada ya kale waliliandika mwishoni mwa kazi, tenzi zetu zikiwemo, kuonyesha kwamba hakuna ukurasa uliosalia. Sisi tukalichukua neno hilo, tukalitia viambishi vyetu na kupata ‘tamatisha’. Baadhi ya wasomi hawakipendi kitenzi hiki kwa madai kwamba kimeundwa kwa kulazimisha. Mimi nakitumia bila wasiwasi. Ila nakumbuka kilikotoka: ni neno la mtu anayeiweka kalamu chini. Anayetamatisha anatuambia kwamba hana zaidi la kusema. Hatuambii kama tulifurahi.

‘Kamilisha’ na ‘timiza’ hukaribia ile taswira ya mviringo. Kitu kamili hakikosi kiungo, na aliyetimiza miaka 80 ameijaza yote, haikupungua hata siku moja. Lau si magazeti yetu kukichosha ‘kamilisha’ kwa kukitumia kila mahali pa ‘maliza’, kingekuwa mrithi halali wa kitenzi tunachokizungumzia. Siku hizi wezi hukamilisha wizi, madereva hukamilisha safari na wanafunzi hukamilisha hata adhabu. Ule ukamilifu umevuja.

Utaona basi kwamba hakuna hata kimoja kati ya vitenzi hivi kinachobeba mizigo yote miwili. Kila kimoja hutaja mwisho kwa namna yake, kisha kuridhika kunabaki nje. Wengine watasema huo ni upungufu wa Kiswahili. Nakataa. Kiswahili hukiweka kile kinachoridhisha mahali pengine katika sentensi, na mfasiri anayeng’ang’ania kukipata ndani ya kitenzi kimoja atakesha.

Tuchukue mlo, kwa kuwa ndipo Waingereza wanapokipenda zaidi kitenzi chao. Mswahili hasemi “tulihitimisha mlo kwa juisi”. Atasema: “Tukala pilau, tukashiba, tukashushia kwa maji ya ukwaju.” ‘Shushia’ ni kitenzi cha kinywaji tu. Huwezi kushushia kwa keki. Lakini tazama kazi inayofanywa na ule mfuatano wa ‘-ka-’. Tukala, tukashiba, tukashushia. Kila hatua inapanda juu ya nyingine na kufikia ya mwisho msikilizaji amekwisha kuridhika pamoja nasi bila ya kuambiwa kwamba tuliridhika. Na kama ni kitu kitamu kilicholiwa mwisho, lugha inalo jina: kitindamlo. Kitenzi ‘tinda’, kilicho ndani ya neno hilo, ni kukata au kukoma, na ndicho kilicho pia katika ‘kitindamimba’, mtoto wa mwisho, ambaye kwa kuzaliwa kwake mamake aliacha kuzaa. Kifunguamimba hufungua, kitindamimba hufunga. Katika familia nyingi huyo wa mwisho ndiye hudekezwa zaidi, kwa hiyo sioni ajabu kwamba tumempa undugu na kitu kitamu cha mwisho mezani.

Katika michezo, waandishi wana usemi ninaouonea fahari: “kuhitimisha karamu ya mabao”. Timu ikifunga bao la nne au la tano dakika za mwisho, huyo mfungaji amehitimisha karamu. Hapa ‘hitimisha’ kimetaja mwisho na ‘karamu’ imeleta shibe, mizigo miwili kwa maneno mawili. Kwa bahati mbaya wapo wanaoandika “kalamu ya mabao”, wakawaacha wasomaji wakijiuliza wino uko wapi. Kosa hili la ‘r’ na ‘l’ huanzia mdomoni, lakini madhara yake hapa ni zaidi ya tahajia. Ukiondoa karamu, raha yote imeondoka.

Hebu sasa tujipime kwa tukio tunalolikumbuka. Mwaka 2024 Beatrice Chebet alishinda mbio za nyika za dunia Belgrade mwezi Machi. Mwezi Mei akawa mwanamke wa kwanza kukimbia mita 10,000 chini ya dakika 29. Mwezi Agosti akatwaa dhahabu mbili za Olimpiki mjini Paris, za mita 5,000 na mita 10,000. Kisha tarehe 31 Desemba, siku ya mwisho kabisa, akakimbia kilomita 5 za barabarani Barcelona kwa dakika 13 na sekunde 54, rekodi ya dunia. Sidhani kuna mfano bora wa jambo lililofikishwa mwisho kwa namna ya kuridhisha. Tuliandikeje?

Niliwapa wanafunzi wangu kazi hiyo. Mmoja akaandika: “Chebet aliishia kuvunja rekodi.” Sentensi ina sarufi safi lakini imemdhulumu mwanariadha. ‘Ishia’ hutumika aghalabu kwa mwisho usiokusudiwa au usiotamaniwa: waliishia kugombana, aliishia jela. Chebet hakujikwaa akaanguka juu ya rekodi. Mwingine akaandika: “Chebet alimaliza mwaka na rekodi ya dunia.” Hii inaeleweka, ila inaweza pia kumaanisha kwamba mwaka ulipoisha bado alikuwa nayo, hata kama aliiweka Machi. Wa tatu akaandika “alitamatisha mwaka”, nami nikamuuliza kama ni Chebet anayeandika kalenda.

Kisha msichana mmoja wa nyuma, asiyesema sana, akasoma sentensi yake: “Chebet, aliyekuwa na dhahabu mbili za Paris, aliufunga mwaka kwa rekodi nyingine.” Darasa lilinyamaza. ‘Kufunga mwaka’ ni usemi wetu wa siku zote na ‘kwa’ imekaa mahali pake. Lakini neno lililofanya kazi kubwa ni ‘nyingine’. Neno hilo dogo ndilo linalomkumbusha msomaji yote yaliyotangulia na kumfanya aone kwamba hiki ni kilele cha mlima aliokwisha kuupanda. Nilimpa alama zote na nikaiandika sentensi hiyo katika daftari langu.

Mwanafunzi mwingine aliuliza kama kitenzi cha Kiingereza hakitumiki kwa mabaya. Hutumika, kwa kejeli: mtu amepoteza simu, amenyeshewa, kisha gurudumu likapasuka ‘kumkamilishia’ siku. Ukitafsiri kejeli hiyo kwa ‘hitimisha’ au ‘kamilisha’, wasomaji wengi hawataisikia. Kiswahili kina chake cha kusema, ikawa msumari moto juu ya kidonda, na kinatosha.

Sijagusa maana ya hesabu, ambapo 195 hufanywa 200. Mama mboga hana haja na kamusi: “Wacha iwe mia mbili, tumalizane.” Basi.

Kuna maana nyingine ambayo naitaja kwa sababu ya mjomba. Kitenzi hiki cha Kiingereza hutumiwa pia na maseremala, kwa kuondoa ukali wa pembe za mbao. Mjomba hakuwa na neno moja la kazi hiyo. Alipiga randa, akapiga msasa, akapitisha kiganja, akarudia. Tulipokuwa wadogo tukimsumbua, tukimuuliza kama meza imeisha, alikuwa akijibu kwamba meza haijaisha mpaka uipitishe mkono isikudunge. Msasa asilia, kabla ya ule wa karatasi uuzwao dukani, ulikuwa jani la mti lenye mikwaruzo. Leo ‘kupiga msasa’ tunakutumia kwa mengi: tunawapiga msasa wachezaji, tunapiga msasa insha. Nadhani hakuna usemi wa Kiswahili unaoeleza vizuri zaidi ile nusu ya pili ya ‘round off’, nusu ya kuridhisha. Ila msasa hauna mwisho ndani yake. Unaweza kupiga msasa milele.

Mwaka mmoja baada ya mazishi familia ilitaka kuchapisha kadi ya kumbukumbu na, kwa mshangao wangu, waliniomba tena niandike Kiswahili chake. Niseme kweli, niliogopa. Safari hii sikuanza na karatasi ya binamu. Nilijiuliza kwanza ni nini hasa kilichoufanya mwisho wa mjomba uwe mwema, na majibu yalikuwa matatu: aliishi muda mrefu, aliwaona wajukuu zake, na siku ile hakuwa peke yake. Kwa la kwanza Kiswahili kina usemi, kula chumvi nyingi. Yaliyobaki yalihitaji tu kusemwa, moja baada ya jingine. Niliandika: “Alikula chumvi nyingi, akawapakata wajukuu zake, akatuaga wakiwa kando yake.” Hapakuwa na kumaliza wala kuzungukwa. Nilimpelekea mkaza mjomba kabla ya kadi kwenda kwa mchapaji.

Aliisoma polepole, kidole kikifuata maneno. Alipofika mwisho akarudi mwanzo.

“Hii ni sawa,” akasema. “Lakini hapa umesema alituaga. Hakutuaga, mwanangu. Alikuwa amelala, watoto wakicheza hapo hapo. Tulikuja kugundua baadaye.”

Nilikata ‘akatuaga’, nikaandika ‘akalala’. Akaichukua kadi na kwenda nayo chumbani.